Akiba yangu yote niilipie PMP?

Swali: "Nina miaka 32 na shahada ya maendeleo ya jamii. Kwa miaka mitano nilikuwa afisa mradi katika asasi moja hapa Mwanza, kwanza maji na usafi mashuleni, baadaye lishe. Fedha zetu zilitoka Marekani. Zilipokatwa mwaka 2025 ofisi ikafungwa. Nina akiba ya shilingi milioni tatu na nusu. Rafiki yangu wa Dar ananiambia nifanye PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, ndiyo nitoke. Shemeji anasema hiyo ni biashara ya Wazungu, bora nitafute fedha nyingine nisome shahada ya uzamili. Na kuna kituo cha mafunzo kinanipa PRINCE2, cheti kingine cha usimamizi wa miradi, kwa punguzo. Nishike lipi?"

Dada, pole kwa kazi. Barua kama yako nimezipokea nyingi tangu serikali ya Marekani isimamishe misaada Januari 2025 na USAID kufungwa rasmi Julai mwaka huohuo, na karibu zote zinataja PMP kana kwamba ni dawa ya ugonjwa huo. Jibu langu kwa kifupi: PMP inalipa kwa mtu aliyekwisha kuongoza miradi na anayewania kazi kwa waajiri wanaokitaja cheti hicho kwenye matangazo yao. Sharti la kwanza nadhani unalitimiza kuliko unavyojijua. La pili hujalichunguza, na ndilo litakaloamua kama akiba hiyo uiguse au uiache.

Kwanza tuelewane hiki ni cheti cha namna gani. Mhasibu akitaka kusaini hesabu anahitaji NBAA. Mhandisi asiyesajiliwa na ERB hana ruhusa ya kujiita mhandisi, na mtu wa ununuzi serikalini anaulizwa usajili wa PSPTB. Hizo ni bodi zenye sheria nyuma yake. Usimamizi wa miradi Tanzania hauna bodi ya namna hiyo inayokusubiri mlangoni. Kesho asubuhi mtu yeyote anaweza kuitwa meneja wa mradi, na wengi wameitwa hivyo kwa sababu tu walikuwa karibu mfadhili alipouliza nani ataandika taarifa. Kwa hiyo PMP haikupi haki yoyote ya kisheria. Thamani yake yote imo kichwani mwa mwajiri, na waajiri hawafanani.

Ndiyo maana kazi yako ya wiki hii haina gharama yoyote zaidi ya bando. Kusanya matangazo ya kazi ya miezi mitatu iliyopita, tena yale ya nafasi unayotaka kuwa nayo baada ya miaka mitatu, siyo ile unayoweza kuipata mwezi ujao. Ukifikisha arobaini inatosha. Kwa kila tangazo andika kama PMP imewekwa kuwa sharti, imewekwa kuwa nyongeza, au haikutajwa kabisa. Andika pia walichotaja badala yake. Watu wengi hawafanyi hili kwa sababu linachosha, wanaona heri wamuulize rafiki wa Dar. Rafiki yako wa Dar pengine yuko benki au kampuni ya simu, na huko yuko sahihi kabisa. Mabenki na makampuni ya simu yana ofisi nzima za kusimamia miradi ya mifumo, na afisa rasilimali watu anayechuja mamia ya maombi anaanza kwa kuangalia herufi hizo tatu. Hali ni hiyohiyo kwenye makampuni ya ushauri, na kwenye miradi mikubwa yenye wabia wa kimataifa kama bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Ukiwa na ndugu Muscat au Dubai wanaokuambia njoo, waulize: kule Ghuba PMP imeenea kwenye matangazo ya ujenzi na teknolojia kuliko huku kwetu.

Ukigeukia mashirika ya Umoja wa Mataifa utakuta PRINCE2 imetajwa mara kwa mara, hasa UNDP na UNOPS, kwa kawaida kama kitu cha kukuongezea nafasi. Asasi zisizo za kiserikali zitakuuliza zaidi kuhusu ufuatiliaji na tathmini, masharti ya mfadhili fulani, na kama umewahi kusimamia ruzuku ya ukubwa fulani. Serikalini kupanda daraja kunafuata muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako, kwa hiyo mtumishi wa halmashauri mwenye PMP anabaki pale alipo mpaka muundo useme vingine. Nimeona watu wakilia kwa hilo baada ya kulipa. Nao wajenzi wana mambo yao. Kwenye ujenzi mimi ningemwajiri mtu anayeijua mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC kabla ya mwenye PMP, kwa sababu chini ya mkataba wao wa 1999 uitwao kitabu chekundu mkandarasi asiyetoa notisi ya madai ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio lenyewe anapoteza madai yake, na hapo ndipo mabilioni yanapopotelea. Lakini wewe si mjenzi, tuendelee.

Sasa uzoefu wako. PMI, taasisi ya Marekani inayotoa PMP, kwa miaka mingi imemtaka mwenye shahada ya kwanza awe na miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka minane iliyopita, pamoja na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Asiye na shahada ametakiwa miezi 60. Masharti haya hurekebishwa mara kwa mara, hivyo siku utakayojaza fomu soma mwongozo wa siku hiyo, usitegemee picha uliyotumiwa WhatsApp. Hapo wengi wanakwama kwenye neno kuongoza. Wanasema, mimi nilikuwa afisa tu, meneja alikuwa Dar. PMI haiulizi cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho, inauliza ulifanya nini. Nani alitengeneza mpango kazi wa vyoo vya shule? Nani aligawa kazi kwa mafundi, akakaa na kamati ya shule walipogombana na mwenyekiti wa kijiji, akamwandikia meneja kwamba saruji imepanda bei na bajeti haitatosha? Kama ni wewe, hiyo ni miezi ya kuongoza. Miradi miwili iliyoendeshwa kwa wakati mmoja inahesabiwa miezi yake mara moja, usiijumlishe mara mbili.

Tatizo ni namna tunavyojieleza. Nikisoma rasimu za maombi kutoka kwa maafisa miradi wetu, karibu zote zinaanza na "nilishiriki katika utekelezaji wa shughuli mbalimbali za mradi." Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Linganisha na hii: "Niliongoza ujenzi wa matundu ya vyoo katika shule tano za msingi kwa miezi kumi na minne. Niliandaa ratiba na bajeti, nikasimamia mafundi wanne na maafisa uhamasishaji wawili. Mvua zilipokata barabara ya shule mbili nilibadilisha mpangilio wa kazi ili shule zinazofikika zitangulie, na makabidhiano yakafanyika ndani ya muda ulioidhinishwa na mfadhili." Fomu utaijaza kwa Kiingereza, ila huo ndio uzito unaotakiwa. Na hata kama hutafanya PMP maisha yako yote, kaa chini uandike miradi yako yote mitano au sita kwa namna hiyo. CV yako ya sasa naweza kukisia ilivyo.

Kuna jambo la haraka zaidi ya yote, na linawahusu nyote ambao ofisi zimefungwa. PMI huchagua baadhi ya waombaji na kuwafanyia ukaguzi. Ukichaguliwa unapewa siku 90 kuwasilisha nakala ya cheti cha shahada, uthibitisho wa zile saa 35, na uthibitisho wa watu wanaoufahamu mradi kwamba kweli uliongoza. Msimamizi wako wa zamani leo yuko wapi? Barua pepe yake ya ofisi imekufa pamoja na ofisi. Seva ikizimwa, mikataba, taarifa za robo mwaka na barua za pongezi za halmashauri zinakwenda nazo. Tafuta namba na barua pepe binafsi za angalau watu wawili kwa kila mradi, mapema, wakiwa bado wanakukumbuka. Si lazima awe bosi; mfanyakazi mwenzako aliyeujua mradi, au afisa wa upande wa mfadhili, anafaa. Na kuna vijana wanaotangaza mitandaoni kwamba watakutengenezea uzoefu, wengine hata kukufanyia mtihani. Achana nao. Ukikamatwa huo mlango umejifungia mwenyewe, na usipokamatwa utakaa mbele ya jopo la usaili ukielezea mradi ambao haukuwahi kuwepo.

Mtihani wenyewe ukoje? Muundo ulioanza Januari 2021 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, asilimia 42 yakihusu watu, 50 mchakato na 8 mazingira ya taasisi, na karibu nusu ya maswali yakitoka kwenye mbinu za kazi za awamu fupifupi zinazotumika sana kwenye programu za kompyuta. Muhtasari huu wa maudhui ya mtihani nao hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na mtihani unaufuata huo muhtasari. Ninasisitiza kwa sababu bado naona watu wanakariri michakato 49 ya toleo la sita la kitabu cha PMI, la mwaka 2017, kutoka kwenye nakala za steshenari, kisha wanashangaa mtihani haukuwauliza.

Maswali karibu yote ni ya hali fulani. Nikupe moja la kubuni, la mazingira yetu. Unasimamia mradi wa visima sita. Ratiba imeidhinishwa na mkandarasi ameshaleta mtambo. Kiongozi mwenye ushawishi wilayani anakupigia simu: kisima cha nne kihamishiwe kijiji kingine. Utafanya nini kwanza? Jibu la kwanza, mwambie mkandarasi ahame. La pili, kataa kwa kuwa ratiba imeidhinishwa. La tatu, mpelekee mfadhili aamue. La nne, chambua athari za badiliko hilo kwa gharama, muda na ubora, kisha lipitishe kwenye utaratibu wa mabadiliko.

Jibu la mtihani ni la nne. Mtu aliyekaa wilayani miaka kumi anachagua la tatu, na ukimbana sana atakiri kwamba moyoni alitaka la kwanza, maana mkubwa kasema. Hapo uzoefu unaweza kukuponza: mtihani unaishi kwenye dunia ambayo kila badiliko lina fomu yake na hakuna anayepigiwa simu saa tatu usiku. Wengi wanaofeli wanajua kazi, ila wanajibu kwa namna mambo yanavyokwenda ofisini kwao. Pamoja na hayo, nakushauri usilidharau jibu la nne. Kaa uliandike: upimaji wa maji chini ya ardhi ulifanyika kijiji cha kwanza tu, cha pili kinahitaji kupimwa upya, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kilitolewa kwa eneo lile, kijiji kipya hakijatoa muhtasari wa mkutano wa kutoa ardhi, mtambo ukikaa bila kazi mkandarasi anadai. Ukimpelekea kiongozi ukurasa huo mmoja wenye tarehe na shilingi, mara nyingi anaghairi mwenyewe, na hakuna aliyemkatalia. Mafunzo ya PMP yakikupa tabia hiyo, yamekulipa kabla hujaona cheti.

Lugha ya mtihani. Unafanyika kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kiarabu na Kifaransa zikiwemo, Kiswahili hakimo. Wasomaji wangu wa Bukavu na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa wana bahati hiyo. Wewe jiandae kusoma aya ndefu za Kiingereza kwa karibu saa nne. Nimeona watu hodari wakiangushwa na uchovu wa kusoma zaidi ya ugumu wa maswali. Unaweza kuufanya nyumbani kwa kompyuta au kwenye kituo cha mitihani cha Pearson VUE. Kwa umeme na intaneti zetu, mimi ningepanda basi niende kituoni.

Mezani kwa usaili cheti kinafanya nini? Kinakufikisha mezani. Baada ya hapo kinanyamaza. Swali ninalolipenda nikiwa kwenye jopo ni hili: tueleze mradi wako uliochelewa. Mgombea mmoja mwenye cheti kipya alituambia, kwa Kiingereza safi, kwamba angeandaa rejista ya vihatarishi, angewahusisha wadau, angefupisha njia kuu ya ratiba. Maneno yote sahihi. Aliyemfuata hakuwa na cheti. Alisimulia pampu zilizokwama bandarini zikisubiri msamaha wa kodi, jinsi alivyogundua kwamba barua ya maombi ilikuwa na jina la mradi tofauti na lile la kwenye mkataba, jinsi alivyohamisha mafunzo ya kamati za maji yatangulie ili timu isikae bure, na kwamba tangu siku hiyo anaomba msamaha wa kodi kabla ya kusaini agizo la ununuzi. Kazi tulimpa huyo wa pili. Lakini kumbuka kwamba alifika kwenye usaili kwa sababu mtu mmoja kwenye jopo alikuwa anamfahamu. Bila hivyo mchujo ungemla, kwa kuwa tangazo lilitaja PMP. Mtu mwenye hadithi ya pampu na herufi tatu kwa pamoja ndiye anayetupa shida ya mshahara, maana anajua anaweza kuondoka.

Kuhusu mshahara, utaonyeshwa takwimu za PMI. Ripoti yao ya mishahara ya mwaka 2023 inasema wenye PMP wanapata kipato cha kati kilicho juu kwa takriban theluthi moja kuliko wasio nayo, katika nchi walizozipima. Sidai kwamba wanadanganya. Ila mwenye PMP kwa masharti ya cheti chenyewe lazima awe na miaka mitatu ya kuongoza, mara nyingi yuko kampuni kubwa, mara nyingi mwajiri ndiye aliyemlipia. Watu hao wangewazidi wenzao hata kama cheti kisingekuwepo. Sehemu gani ya hiyo theluthi ni ya cheti na sehemu gani ni ya miaka, ripoti haikutenganishii.

Tupige hesabu. Tuchukue dola 550 kwa ada ya mtihani na uanachama wa PMI pamoja. Kujiunga kwanza kuna maana, kwa sababu mwanachama anapunguziwa ada ya mtihani na anapakua kitabu cha PMI bure. Kwa dola moja shilingi 2,500, hiyo ni 1,375,000. Zile saa 35 unaweza kuzipata kwa kozi ya mtandaoni ya makumi machache ya dola, au kwa semina ya siku nne hotelini, yenye chai na vitafunwa, itakayokula milioni na ushee. Mtihani hautajua tofauti. Ongeza maswali ya majaribio, nauli ya kwenda na kurudi Dar, usiku mmoja au miwili ya kulala. Ukibana sana unatoka na milioni mbili hivi, na ukifeli marudio yanalipiwa. Ukifaulu, kila miaka mitatu unatakiwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza na kulipia uhuishaji. Pointi zenyewe nyingi zinapatikana bila malipo kwa kuhudhuria mawasilisho na kujitolea. Tawi la PMI Tanzania lipo, na kule unakutana na watu wanaoajiri, jambo ambalo peke yake lina thamani kuliko wanavyolitangaza.

Kwa hiyo utabaki na milioni moja na nusu, huna mshahara, na kodi ya nyumba inadai. Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yako. Mtu aliye kazini ningemwambia alipe kesho. Wewe ningekutaka uweke pembeni kwanza kodi na chakula cha miezi sita, usiziguse. Kitakachobaki ndicho cha kuchezea, na kwa akiba yako sidhani kitafika ada ya PMP leo.

Kitafika kwa kitu kingine. Kuna cheti kinaitwa Project DPro, zamani PMD Pro, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa asasi kama wewe. Kinasimamiwa na PM4NGOs na mtihani unatolewa na APMG. Mwongozo wake unapakuliwa bure, hakuna sharti la miezi wala ukaguzi, ada ya ngazi ya kwanza ni sehemu ndogo tu ya ile ya PMP, na vifaa vyake ni vile ulivyovishika kwa mikono yako: mti wa matatizo, jedwali la malengo na viashiria, uchambuzi wa wadau. Hakitamshtua mtu wa benki. Kwa asasi zilizobaki, zenye wafadhili wa Ulaya na kwingineko, ni dalili nzuri, na kitakusafishia lugha kabla ya PMP. Anza kusoma mwongozo huo usiku wa leo.

PRINCE2 ya punguzo niiweke hivi. Ni mfumo uliotokana na serikali ya Uingereza, ukachukua jina hilo mwaka 1996, na tangu 2021 mmiliki wake ni kampuni ya PeopleCert. Nguvu yake ni uongozi wa mradi: nani ana mamlaka, mradi unapita vipi kutoka hatua moja kwenda nyingine, na kama bado kuna sababu ya kuuendeleza. Ngazi ya msingi ni maswali 60 kwa saa moja, haihitaji uzoefu. Orodha yako ya matangazo ikijaa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ifikirie. Kabla ya kulipa muulize mwenye punguzo maswali mawili: je, bei hiyo ina ada ya mtihani ndani yake, na je, kituo chake kinaonekana kwenye orodha ya PeopleCert ya vituo vilivyoidhinishwa? Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

CAPM, mdogo wake PMP, ni ya wasio na uzoefu, wewe umeshaupita. Cheti cha Google cha usimamizi wa miradi kule Coursera ni kozi nzuri na kinahesabika kwenye saa 35, usitarajie kitafungua mlango peke yake. Scrum, mojawapo ya zile mbinu za awamu fupifupi, ina soko kwa watu wa programu za kompyuta, na kwa mradi wa lishe Sengerema sioni utaitumia wapi.

Nimfikie shemeji. Amesema biashara ya Wazungu, na nusu yake ni kweli: PMI na PeopleCert wanauza mitihani, vitabu, uanachama na uhuishaji, na wana kila sababu ya kutaka uamini huwezi kuishi bila wao. Lakini shahada ya uzamili nayo inauzwa, na kwa bei ya juu zaidi. Itakuchukua mwaka na nusu hadi miwili na mamilioni ambayo huna. Naiona ina maana kwako kwa hali mbili. Ukitaka kuingia utumishi wa umma au ualimu wa chuo, ambako shahada inahesabiwa na PMP haihesabiwi. Au ukiona kwenye orodha yako kwamba kazi zile zinataka uzamili bila mbadala. Soma kwa makini, kwa sababu matangazo mengi ya Umoja wa Mataifa yanasema uzamili na miaka michache ya uzoefu, au shahada ya kwanza na miaka zaidi. Wewe hiyo miaka unayo. Kama moyo umeshakwenda huko, Chuo Kikuu Huria kina shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi na kituo cha mkoa hapohapo Mwanza, unaweza kuisoma ukiwa unafanya kazi. Nimeandika ukiwa unafanya kazi. Kukopa kwa ajili ya ada ukiwa huna kipato, iwe ya uzamili au ya PMP, sikubaliani nako, hata mkopeshaji akiwa shemeji mwenyewe.

Mpangilio wangu kwako basi ungekuwa namba za mashahidi kwanza, matangazo arobaini, CV iliyoandikwa upya kwa sentensi zenye mtu ndani, Project DPro, na maombi ya kazi yakiendelea muda wote huo bila kusubiri cheti chochote. PMP iingie mara tu utakapopata mshahara tena, kama orodha imeihitaji. Na siku utakapopewa barua ya ajira, uliza kama wana bajeti ya mafunzo na kama wanarejesha ada ya PMP kwa anayefaulu. Wapo waajiri wanaofanya hivyo na hawasemi mpaka waulizwe, na wakati wa kuuliza ni kabla hujasaini mkataba.